Programu Inapoita Jina, Nani Anaitika?

Mhadhara wa hadhara, Himbi, Goma

Mtu anayejifunza kuandika programu kwa lugha ya Python hukutana na neno import katika somo la kwanza au la pili, na kwa kawaida huambiwa asihangaike nalo. Andika import, kisha jina la moduli, kazi iendelee. Mwalimu ana haraka ya kufika kwenye yale anayoyaona kuwa mazito: vitanzi, vitendakazi, hifadhidata. Mimi nadai kwamba uzito ulikuwa pale pale kwenye mstari uliorukwa. Unapoandika import unataja jina tu. Hutaji mahali, hutaji mwandishi, mara nyingi hutaji hata toleo. Kuna kanuni nyuma yake inayoamua msimbo wa nani utaitika kwa jina hilo, na ule utakaoitika utapewa uhuru wote ulio nao msimbo wako mwenyewe. Kwa hiyo mpangilio wa mahali pa kutafuta ni uamuzi juu ya nani wa kuaminiwa. Na katika mji kama huu wetu, uamuzi huo unapaswa kufanywa mapema, waziwazi, na karibu: tutumie mtandao kuleta msimbo kwa saa tuliyoichagua, tusiutegemee dakika programu inapohitaji kuupakia.

Tuanze na kinachotokea hasa. Programu imeandika import random. Python haikimbilii diski. Kwanza inaangalia kamusi iliyoko kwenye kumbukumbu, iitwayo sys.modules, kuona kama moduli yenye jina hilo imekwisha kupakiwa. Ikiwemo, inarudishwa hiyo hiyo bila faili kusomwa upya, ndiyo maana anayerekebisha moduli huku programu inaendelea hushangaa kuona marekebisho yake hayaonekani. Isipokuwemo, kazi inapewa watafutaji. Katika Python ya kawaida wako watatu: wa kwanza anazijua moduli zilizojengwa ndani ya Python yenyewe, wa pili anazijua zilizogandishwa humo, na wa tatu anapita folda moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha ya sys.path, toka juu kwenda chini, na kusimama pale anapopata jina kwa mara ya kwanza. Anachorudisha ni maelezo: jina, mahali lilipo faili, na kipakiaji kinachoweza kulisoma. Kisha moduli tupu inaundwa, inaandikwa kwenye sys.modules, na baada ya hapo tu ndipo msimbo wake unatekelezwa, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kuiandika kabla ya kuitekeleza kunaonekana kama kutanguliza mkokoteni mbele ya punda, lakini kuna sababu: moduli mbili zikiitana, ya pili inapoirudia ya kwanza lazima ikute kitu kwenye kamusi, la sivyo zingeitana bila mwisho.

Utaratibu huu haukuzaliwa ukiwa wazi hivi. Mwaka 2002 Just van Rossum na Paul Moore walipendekeza njia ya kuwaruhusu waandishi wa programu kuongeza watafutaji na vipakiaji vyao wenyewe, na pendekezo hilo likaingia katika Python 2.3. Katika toleo la 3.3 la mwaka 2012, kwa kazi kubwa ya Brett Cannon, sehemu kubwa ya mtambo huo iliandikwa upya kwa Python yenyewe, kiasi kwamba mwanafunzi anayetaka kuona jinsi import inavyofanya kazi anaweza kufungua faili na kusoma. Nashauri afanye hivyo. Ataona jambo ambalo vitabu vingi hulipita: katika Python, kupakia ni kutekeleza. Hakuna hatua ya katikati ambapo msimbo umeingia lakini bado umekaa kimya ukisubiri ruhusa.

Sasa tazama kinachoweza kutokea kwa mwanafunzi asiye na kosa lolote. Anaandika programu ndogo ya bahati nasibu na kuihifadhi kwa jina la random.py. Wiki inayofuata, ndani ya folda ile ile, anaandika programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa, na anaita moduli ya statistics inayokuja na Python. Hakuita random popote. Lakini moduli ya statistics yenyewe, ndani yake, inaita random. Mtafutaji wa tatu anaanza na nafasi ya kwanza kwenye sys.path, ambayo kwa kawaida ni folda ya programu inayoendeshwa, na humo anakuta random.py. Programu ya wastani inaanza kuchezesha bahati nasibu, na pakitokea kosa, ujumbe wake unataja faili ambalo mwanafunzi hajawahi kuligusa. Ni kama kuita “Amani!” sokoni Birere: anayegeuka kwanza ni aliye karibu zaidi, si lazima awe yule uliyemtaka. Watunzaji wa Python waliliona tatizo hili kuwa la kawaida kiasi kwamba toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilianza kutoa ujumbe wa kosa unaomshauri mtu abadilishe jina la faili lake pale linapofanana na la moduli ya asili.

Katika mfano huu folda ni ya mwanafunzi na hasara ni jioni moja. Lakini folda inayotangulia ikiwa ni ile ambamo watu wengine wanaweza kuweka mafaili, tunazungumzia mlango uliosahauliwa wazi. Perl ilipambana na jambo hilo hilo. Kwa miaka mingi orodha yake ya kutafutia, @INC, ilikuwa na nukta mwishoni, yaani folda yoyote ambamo mtu alikuwa amesimama alipoendesha programu. Msimamizi wa seva akiendesha programu yenye madaraka makubwa huku amesimama kwenye folda ya muda inayotumiwa na wote, na programu hiyo ikaita moduli ya hiari isiyokuwepo mahali pengine, mtu mwingine aliweza kuitegeshea faili lenye jina hilo. Toleo la 5.26 la mwaka 2017 liliiondoa nukta hiyo, ingawa ilijulikana wazi kwamba programu za zamani zingevunjika. Python nayo, katika toleo la 3.11 la mwaka 2022, iliongeza chaguo la -P la kukataza folda ya programu isitangulizwe. Lugha mbili zenye historia tofauti zilikubali kwamba urahisi wa kutafuta karibu na mguu una gharama. Naona watunzaji wa lugha hizo walichelewa, lakini kuvunja programu za watu si jambo dogo, na nani angependa kuwa wa kwanza kulaumiwa?

Baada ya diski ikaja dunia nzima. Siku hizi orodha ya kutafutia haiishii kwenye folda. Nyuma yake kuna hazina za mtandaoni, PyPI kwa Python na npm kwa JavaScript, ambako mtu yeyote anaweza kusajili jina lililo wazi. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja, baada ya mgogoro juu ya jina la kifurushi chake kingine, aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo wa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Kwa saa kadhaa miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa, kwa sababu kifurushi kiliitwa na kifurushi kilichoitwa na kifurushi kingine, na mwisho wa mnyororo hakuna aliyeitika. Mwaka 2021 mtafiti Alex Birsan alionyesha upande wa pili, ulio mbaya zaidi: pale anapoitika mtu usiyemtaka. Alichukua majina ya vifurushi vya ndani vya makampuni makubwa, akayasajili kwenye hazina za hadhara kwa namba kubwa ya toleo, akangoja. Mitambo ya makampuni zaidi ya 35, Apple na Microsoft zikiwemo, ilipakua msimbo wake na kuuendesha, kwa kuwa zana za kusakinisha zilipokuta jina moja katika hazina mbili zilichagua toleo lenye namba kubwa. Hakuvunja kufuli yoyote. Alifuata kanuni ya kutafuta kama ilivyoandikwa.

Mkazi wa Goma anapoyasikia haya ana sababu ya ziada ya kuyatilia maanani. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini mwetu na ikarudi baada ya takriban siku ishirini. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga marekebisho ya sheria ya uchaguzi, ilifungwa pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kusuasua. Hapo sijataja umeme kukatika, wala mega za intaneti kuisha mwisho wa mwezi. Programu ya duka la dawa inayohitaji kufikia seva ya mbali kila inapowaka, ili ipate moduli ya kuchapisha risiti, imetengenezwa kwa kudhani kwamba mtandao uko kila saa. Dhana hiyo hapa si kweli, na mwandishi wa programu aliyeikubali bila kuihoji amewahamishia wateja wa duka hilo hasara ambayo angeweza kuizuia kwa nusu siku ya kazi.

Mfano bora ninaoujua wa watu walioipinga dhana hiyo uko jirani, Eldoret, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya Microsoft Access. Mpango wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulipopanua matibabu ya virusi vya UKIMWI, mfumo ule ukazidiwa. Kuanzia 2004 Burke Mamlin, Paul Biondich na wenzao wakaunda mfumo mpya kwa lugha ya Java, OpenMRS, ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006. Mwaka huo huo ukafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kupitia shirika la Partners In Health. Kumbuka kwamba nyaya za kwanza za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Mfumo huu ulikua katika miaka ambayo mtandao wa hospitali ya mkoani ulipitia setilaiti, kwa bei ghali na mwendo wa pole.

OpenMRS ina kiini kidogo, na mahitaji mengine yote, fomu, ripoti, maabara, huongezwa kwa moduli. Moduli ni faili moja lenye mwisho wa .omod, ambalo kwa ndani ni faili la kawaida lililobanwa. Ndani yake kuna msimbo, maktaba inazozihitaji, na hati ya config.xml inayotaja jina la moduli, toleo lake, toleo la kiini inalolihitaji, na moduli nyingine ambazo bila hizo haiwezi kuanza. Faili hilo linawekwa kwenye folda ya modules katika seva ya hospitali. Seva inapowaka, mfumo unasoma hati zote, unazianzisha moduli kwa mpangilio wa mahitaji yao, na ile ambayo mahitaji yake hayakutimia inakataliwa. Faili la namna hii linaweza kubebwa kwa flashi kwenye pikipiki, na kilichojaribiwa makao makuu ndicho kitakachopakiwa zahanati. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo seva inauliza dunia: nani anaitwa hivi?

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo nalipenda kuliko yote. Katika Java, utambulisho wa darasa la msimbo ni jina lake pamoja na kipakiaji kilicholileta. OpenMRS inaipa kila moduli kipakiaji chake, na kipakiaji hicho kinaona kiini, kinaona vilivyomo ndani ya moduli yake, na kinaona vya moduli zilizotajwa kwenye hati yake. Hivyo hati si karatasi ya mapambo. Ndiyo inayochora mipaka ya nani anaweza kumwita nani. Linganisha na Python, ambamo kamusi ya sys.modules inashika moduli moja kwa jina moja katika programu nzima, au Node, mazingira ya kuendeshea JavaScript, ambayo hutafuta folda ya node_modules mahali ulipo, kisha hupanda folda ya juu, na ya juu yake, hadi kileleni, kiasi kwamba vifurushi viwili vinaweza kuwa na nakala mbili tofauti za kifurushi cha tatu bila kujuana. Kila njia ina malipo yake. Ya Java huleta kosa linalomchanganya mwanagenzi: kitu cha aina fulani kinakataliwa na aina yenye jina lile lile herufi kwa herufi, kwa sababu vipakiaji vilikuwa viwili. Hata hivyo ni kosa linaloonekana siku ile ile. Nakala mbili zinazofanya kazi kwa kutofautiana kimyakimya ndizo zinazoniogopesha.

Nitaambiwa: ukiweka nakala karibu, utabaki na msimbo wa zamani wenye matundu, na wadukuzi hawakungoji ununue mega. Hoja hii ni nzito kuliko zote, na kuna ushahidi wake. Desemba 2021 iligunduliwa kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio iliyoenea kila mahali, ilikuwa na tundu kubwa, na kila aliyekuwa na nakala ya zamani alilazimika kuibadilisha haraka. Nakubali. Lakini tazama tundu lenyewe lilikuwa nini. Maandishi ya mtu wa nje yalipoandikwa kwenye kumbukumbu, na ndani yake mna anwani ya seva fulani, maktaba ilikwenda kwenye anwani hiyo, na katika mazingira mengi ya Java ikapakia msimbo iliyoukuta huko. Mtambo wa kupakia ulikuwa umeachiwa ufike mahali popote duniani kwa agizo la yeyote. Waliokuwa wamezuia seva zao zisifungue mawasiliano ya nje walipata nafasi ya kupumua wakati wakitafuta rekebisho. Upande wa uzembe wa kusasisha, kisa cha kampuni ya Equifax cha mwaka 2017 kinajulikana: rekebisho la Apache Struts, maktaba ya programu za tovuti iliyoitumia, lilitolewa Machi, wavamizi wakapenya Mei, taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Kampuni ile haikukosa mtandao. Ilikosa kujua Struts iko wapi ndani ya mifumo yake. Na mwenye folda moja yenye orodha ya kila faili na toleo lake yuko katika nafasi nzuri zaidi ya kujibu swali hilo asubuhi habari inapotoka.

Wengine watasema tunajitungia kanuni kutokana na umaskini wetu wa mtandao, na kwamba mtandao ukitengemaa, mjadala utakwisha. Historia ya karibuni haisemi hivyo. Deno, mazingira mengine ya JavaScript ambayo Ryan Dahl aliyatangaza mwaka 2018 alipokuwa akieleza hadharani anayoyajutia katika Node, iliruhusu moduli kuitwa moja kwa moja kwa anwani ya mtandaoni. Toka mwanzo ilihifadhi nakala kwenye diski. Baadaye ikaongeza faili la kufungia matoleo, na ikakubali pia vifurushi vya npm. Go, lugha iliyotoka Google, ambako hakuna anayelalamikia kasi ya mtandao, huandika kwenye faili la go.sum alama ya hesabu (hash) ya kila moduli, na tangu toleo la 1.13 la 2019 huilinganisha na daftari la hadhara. Pia inaruhusu nakala za moduli zote kukaa ndani ya mradi. Wenye mtandao wa kasi kuliko wote wameamua wasiuamini wakati wa kupakia. Pingamizi kwamba nakala hizo zitakula diski silijibu kwa urefu. Gigabaiti chache ni rahisi kuliko siku moja ya kliniki iliyosimama.

Pingamizi la mwisho linatoka upande wa wapenzi wa OpenMRS wenyewe: uzuri wa moduli ni kuweza kuipandisha kupitia ukurasa wa msimamizi huku mfumo unaendelea. Ni kweli inawezekana, na ni kweli inasaidia katika majaribio. Ila kwa miaka mingi waliorudiarudia kufanya hivyo waliishia kwenye ujumbe wa Java kuishiwa kumbukumbu, kwa sababu vipakiaji vya moduli za zamani havikuachiliwa vyote, na dawa ilikuwa kuzima seva na kuiwasha. Zaidi ya hapo, ukurasa unaopokea msimbo na kuutekeleza ni ukurasa unaompa kila mwenye nywila ya msimamizi seva nzima. OpenMRS ina chaguo la kuufunga, na katika hospitali inayohudumia wagonjwa ningeufunga siku ya kwanza.

Kwa shule na vyuo vyetu, utekelezaji hauhitaji fedha za kutisha. Mahali penye mtandao mzuri, amri ya pip download inakusanya vifurushi vilivyoorodheshwa pamoja na vingine vyote vinavyohitajiwa navyo na kuviweka kwenye folda. Darasani, pip inaambiwa kwa --no-index isiguse hazina ya mbali kabisa, na kwa --find-links itafute kwenye folda hiyo pekee. Orodha yenyewe iwe na toleo kamili la kila kifurushi na alama yake ya hesabu, na --require-hashes itakataa faili lolote lililobadilishwa njiani, hata kwa herufi moja. Mtu mmoja mwenye jina lake apewe dhamana ya orodha na aipitie kwa tarehe inayojulikana, si pale kifurushi kipya kinapomvutia. Na kitu kinachosahauliwa mara nyingi: vifurushi vyenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C hutengenezwa kwa toleo mahususi la Python na mfumo mahususi wa kompyuta, kwa hiyo juu ya orodha paandikwe vyote viwili. Aliyekusanya kwenye Linux yenye Python 3.12 na kuwapelekea wanafunzi wenye Windows na Python 3.10 atafika na flashi iliyojaa, na numpy itagoma kwenye mashine ya kwanza.